Everglades kwa siku moja: panga hivi

Wadau mnaokuja Florida, kila mgeni ninayempokea Miami anauliza "mamba wako wapi", jibu ni hifadhi ya Everglades, ila usiipange kama unavyopanga Mikumi, huku wanyama wengi unawaona kwa miguu, kwa baiskeli au kwa boti, sio umekaa kwenye gari unasubiri simba avuke.

Hatua ya 1: msimu
Njoo kati ya Desemba na Aprili. Hicho ndo kiangazi cha huku, maji yanapungua, kwa hiyo samaki, ndege na aligeta (ndugu wa mamba) wote wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, wewe unasimama tu unawaangalia. Kuanzia Mei mvua zinaanza, radi mchana, maji yanajaa kila kona na wanyama wanatawanyika, halafu mbu wa Flamingo (kule barabara ya hifadhi inapoishia, baharini) mwezi wa saba aisee hawana adabu kabisa.

Hatua ya 2: chagua geti
Hapa ndo wengi wanachemka. Kuna njia tatu za kuingilia na kwa ndani hakuna barabara inayoziunganisha: Homestead, Shark Valley (ipo kwenye barabara ya Tamiami Trail), na Everglades City kule magharibi. Kutoka Homestead mpaka Shark Valley ni kama saa zima la kuendesha, kwa hiyo usiandike "Everglades" tu kwenye ramani ya simu ukaondoka, andika jina la geti.

Shark Valley (papa hamna, msihangaike) ina lami ya mzunguko wa kilomita 24 hivi, gari lako unaliacha getini unakodi baiskeli au unapanda tramu, na huko mwisho kuna mnara wa kupanda uone nyasi na maji mpaka macho yachoke. Nzuri sana, ila parking inajaa mapema. Kama una siku moja tu mimi nakwambia Homestead.

Hatua ya 3: malipo
Gari binafsi dola 35, inatumika siku 7. Kadi tu, keshi hawapokei. Wasioishi Marekani waangalie tovuti ya hifadhi kwanza, kuanzia 2026 kuna nyongeza ya dola 100 kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi.

Hatua ya 4: siku yenyewe
Jaza mafuta Homestead, beba maji na msosi, pakua ramani maana netiweki ndani ni ya kubahatisha. Wahi asubuhi uanze na Anhinga Trail, njia ya miguu, ni fupi, aligeta wanaota jua pembeni tu ya njia. Parking ya hapo kuna tumbusi wanaotafuna mpira wa waipa na madirisha, sio utani, hifadhi wanaweka maturubai ya bure, funika gari. Kisha endesha hadi Flamingo, kilomita 61 kutoka getini, simama Pa-hay-okee njiani, sehemu ya kutazama nyasi. Ukikaribia baharini nyasi zinaisha mikoko inaanza, mtu wa Rufiji au Lamu hatajiona mgeni. Pale gatini Flamingo tafuta mamba wenyewe: pua nyembamba, rangi ya kijivu, wakati aligeta ni mweusi na pua pana. Kusini mwa Florida ndo sehemu pekee duniani hawa wawili wanaishi porini pamoja.

Hatua ya 5: usimsogelee aligeta wala mamba
Kaa mbali naye mita 5 au zaidi, watoto washikwe mkono, na kumlisha ni kosa kisheria.

Zile boti za feni za kwenye video ziko zaidi upande wa Tamiami Trail na zina tiketi yake, kwa hiyo kama unazitaka ziunge na Shark Valley siku nyingine.