Kutazama roketi ikirushwa mubashara, ukumbini kwako

Kinachowakosesha wengi uhondo wa kuona roketi ikiruka ni saa. Taarifa za urushaji hutolewa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, au za Florida, Marekani, kunakorushwa roketi nyingi, na mtu anapozigeuza kuwa saa za Afrika Mashariki, kisha azigeuze tena kuwa saa zetu za Kiswahili, huteleza njiani. Njia ya mkato ipo: chukua saa ya UTC, toa tatu, na hiyo ndiyo saa yako ya Kiswahili. Artemis I, safari ya Marekani ya kwenda Mwezini isiyo na wanaanga, ilirushwa tarehe 16 Novemba 2022, saa 06:47 za UTC. Toa tatu, unapata saa 3:47, nayo ilikuwa asubuhi. Jibu likizidi 12 punguza 12, na likiwa chini ya moja ongeza 12. Ukipewa saa za Florida pekee, kumbuka kuwa wako nyuma yetu kwa saa nane, ila kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba huwa ni saa saba, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Chandrayaan-3, chombo cha India cha kwenda Mwezini, kiliruka kutoka kituo cha Sriharikota siku ya Ijumaa, tarehe 14 Julai 2023, saa 6:05 mchana kwa saa zetu, kwa hiyo aliyetaka kukiona bila ya kuchelewa msikitini alipaswa awe ameshatia udhu.

Usitegemee king'amuzi, kwa kuwa stesheni za habari mara nyingi huonyesha sekunde chache za moto na moshi kisha huhamia jambo jingine. Fungua mtandao kwenye televisheni yenyewe, au unganisha kompyuta kwa kebo ya HDMI. NASA, shirika la anga la Marekani, hutangaza bila malipo kupitia NASA+, huduma yake ya video mtandaoni iliyoanzishwa Novemba 2023, na kupitia ukurasa wake wa YouTube. ISRO, shirika la anga la India, na shirika la anga la Ulaya, ambalo roketi zake huruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, nayo yana kurasa zao. Ingia kwenye ukurasa wa shirika lenyewe, usiingie kwa kutafuta neno tu, maana wapo matapeli wanaorudia picha za urushaji wa zamani, wakaziandika kuwa ni mubashara, kisha wakaomba watazamaji watume pesa za kidijitali.

Picha ya ubora wa juu huanzia mistari 720, na iliyo kamili ni mistari 1080. Hii ya pili inahitaji kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde isiyoyumba, ambayo kwa saa moja hula zaidi kidogo ya gigabaiti 2 za kifurushi. Ile ya 720 inaridhika na nusu ya hapo. Matangazo huanza mapema na huweza kuchukua saa mbili au tatu, basi piga hesabu kabla ya kununua kifurushi. Binafsi nachagua 720 inayokwenda bila kukwama kuliko 1080 inayoganda injini zinapowashwa. Chagua mwenyewe kwenye mipangilio, kwani ukiiachia YouTube ijiamulie, huweza kuishusha picha hadi roketi ikawa kama mshumaa ulio nyuma ya pazia.

Wanaokaa Mji Mkongwe wana shida yao ya peke yao. Kuta za mawe na chokaa ni nene mno, na Wi-Fi inayotoka chumba cha pili hufika imechoka. Kwetu ruta ilikuwa juu ya kabati chumbani, na televisheni ukumbini, ukuta mmoja tu kati yake. Picha ilikuwa ikisimama kila baada ya dakika. Nilipopitisha waya wa mtandao chini ya mlango, kasoro ile ikaisha siku hiyo hiyo. Kama huna waya, basi ihamishie ruta ukumbini kwa muda.

Upande wa televisheni kazi ni ndogo: ondoa ile hali ya picha kali ya kuvutia wateja dukani, hasa roketi inaporushwa usiku, kwa sababu huufanya moto wote uwe doa jeupe lisilo na umbo. Zima pia kipengele cha kulainisha mwendo.

Siku yenyewe, washa nusu saa kabla. Usishtuke hesabu ya kurudi nyuma ikisimama. Visimamo vingine vimepangwa, na vingine ni hitilafu. Artemis I iliahirishwa tarehe 29 Agosti na tena tarehe 3 Septemba 2022, mara ya pili kwa kuvuja kwa hidrojeni, na waliokuwa wamekusanya majirani walibaki na birika za chai. Waombe wenye simu waziweke pembeni, kwani matangazo huchelewa kwa sekunde kadhaa na kila chombo huchelewa kivyake: mpwa wangu aliwahi kupiga kelele «imeruka!» ilhali kwenye televisheni roketi ilikuwa bado imesimama, na starehe yote ikatuharibikia.

Baada ya kuruka, usizime. Kipande cha kwanza cha Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, hurudi na kutua kwa miguu yake baada ya dakika nane hivi, na kwangu mimi hilo linapendeza kuliko kuruka kwenyewe. Kisha sikiliza msimulizi anapovitaja vituo vya ardhini vinavyopokea mawimbi ya chombo. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kimojawapo cha vituo hivyo kilikuwa hapa Unguja, Tunguu, na jina lililotajwa redioni lilikuwa Zanzibar.