Somo: Rafiki yako hajiwezi, na mwenza aliyeondoka amerudi kuizengea nyumba

Somo hili ni kwa anayemuuguza rafiki aliyepigwa na kiharusi, aliyeumia kichwa au aliyepoteza fahamu, huku mume au mke aliyeondoka zamani akirudi ghafla kuulizia funguo na hati. Lishike hili kwanza: kutengana si talaka. Mpaka ndoa ivunjwe kwa utaratibu unaotambuliwa na sheria, aliyeondoka bado ni mwenza halali, na mara nyingi ndiye anayeulizwa kwanza hospitalini. Wewe unayemwogesha na kumlisha ni mtu baki mbele ya sheria. Inauma sana, lakini ukilijua mapema utaacha kugombana wodini na utaanza kutafuta karatasi.

Hatua ya 1: Jua rafiki yako anaelewa nini

Hapa ndipo wengi huharakisha, nami naomba utulie. Kushindwa kusema si kushindwa kuelewa. Kiharusi kinaweza kufunga ulimi na kuacha akili ikiwa timamu.

Kubalianeni alama: afumbe macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Anza na maswali ambayo majibu yake unayajua, kama jina lake au kama ana watoto. Ukiona anajibu sawasawa, uliza la nyumba, kisha uligeuze. "Unataka apewe funguo?" Subiri kidogo. "Unataka asipewe funguo?" Kama amejibu ndiyo kwa yote mawili, huna jibu bado. Rudia siku nyingine, asubuhi akiwa hajachoka, daktari au muuguzi akiwepo. Omba waandike kwenye faili tarehe, maswali na majibu. Ukurasa huo una uzito kuliko maneno yako yote.

Sheria za nchi nyingi hupima uwezo wa kuamua kwa kila uamuzi peke yake. Mtu anaweza asiuelewe mkataba wa mauzo na bado akajua vizuri nani amtunzie nyumba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 12, unatambua kwamba wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na unazitaka nchi wanachama zihakikishe hawanyang'anywi mali zao kiholela. Kama nchi yako imeuridhia, mkumbushe wakili.

Hatua ya 2: Ziba njia ya saini na dole gumba

Hatari kubwa huja kimyakimya wakati wa kutazama wagonjwa: karatasi iliyokunjwa, kidau cha wino, na kidole cha mtu asiyejua kinachoendelea. Mwandikie barua kiongozi wa wodi, ukieleza wasiwasi wako na kuomba mgonjwa asisainishwe hati yoyote bila daktari kuthibitisha kwamba anaelewa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hati iliyosainiwa na mtu asiyeelewa inaweza kupingwa mahakamani, ila kuizuia ni rahisi kuliko kuifuta.

Hatua ya 3: Pata mamlaka ya kisheria

Tafuta kama aliwahi kuandika hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayompa mtu mwingine ruhusa ya kutenda na kusaini kwa niaba yake. Ukiipata, isome kwa makini: hati nyingi za kawaida hupoteza nguvu mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua, isipokuwa iwe imeandikwa kwamba itaendelea. Kama hakuna hati na anaelewa, iandikwe sasa mbele ya wakili, na daktari athibitishe uwezo wake siku hiyo hiyo. Kama haelewi, njia iliyobaki ni kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mambo yake. Mwenza naye anaweza kuomba nafasi hiyo, ndiyo maana ushahidi wa utengano una thamani: mikataba ya nyumba tofauti, meseji, barua, majirani walio tayari kuapa.

Atakayekushauri mrudishe tarehe nyuma kwenye hati, mkatalie. Hiyo ni kughushi, na itamwangusha rafiki yako pamoja nawe.

Hatua ya 4: Linda nyumba yenyewe

Ingia na mashahidi wawili wasio na maslahi. Piga picha kila chumba, fungua droo, andika vilivyomo, wote mtie saini. Hatimiliki ipeleke kwa wakili, usiihifadhi kwako. Mwenye nyumba, mwakilishi wake au msimamizi aende kwa msajili wa ardhi kuuliza namna ya kuweka zuio dhidi ya uhamisho. Wewe kama rafiki tu huenda ukakataliwa, kwa kuwa huna maslahi katika ardhi hiyo.

Usisahau rehani, kodi na bima. Bima nyingi hupunguza fidia au huikataa nyumba ikikaa tupu kwa muda mrefu, kwa hiyo iarifu kampuni.

Hatua ya 5: Fedha

Usichanganye senti yake na yako. Tunza stakabadhi ya kila kitu. Mwenza akishindwa kwenye nyumba, atakugeukia wewe na kukuita mwizi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimebadilisha kitasa na mkewe amekuja na polisi. Nina kosa?*

Inawezekana, ndugu. Mke halali mara nyingi ana haki ya kuingia kwenye nyumba ya ndoa, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Usimfungie nje kwa amri yako mwenyewe. Waonyeshe polisi orodha na picha zako, kisha wakili aombe amri ya muda ya mahakama. Kama kuna historia ya kipigo au vitisho, ombeni amri ya ulinzi haraka.

*Na nyumba ikiwa kwa majina ya wote wawili?*

Hapo hawezi kuiuza yote bila saini ya mwenzake. Cha kuuliza ni aina ya umiliki. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, sehemu yake humwendea aliyebaki moja kwa moja, hata wosia hausaidii. Mwulize wakili kama umiliki huo unaweza kugawanywa rafiki yako angali hai.

*Dada yangu wa hiari alikuwa amefungua shauri la talaka kabla hajaugua. Limekufa?*

Pole sana, dada. Ugonjwa peke yake hauliui shauri, ila kutohudhuria kunaweza kulifuta. Nenda masijala ya mahakama ukiwa na barua ya daktari kabla ya tarehe inayofuata, na uombe utaratibu wa kuteua mtu wa kusimama kwa niaba yake.

*Watoto wakubwa wa rafiki yangu wako upande wa baba yao. Niachane nao?*

Usiwakwepe. Mahakama ikitafuta msimamizi itawauliza, na huenda mmoja akateuliwa. Waalike wakae kitandani mama yao anapojibu maswali kwa macho, waulize wao wenyewe, nawe utoke nje ya chumba.