Anajua Kusoma, Hataki Kusoma: Kazi ya Kona ya Vitabu Darasani

Mtoto wa darasa la nne anasoma maandishi ya daladala za Kijenge na Sakina zikiwa bado mbali, na Jumatatu asubuhi anakutajia msimamo wa ligi kuanzia Simba na Yanga hadi timu inayoburuza mkia. Mpe kitabu cha hadithi, anapiga miayo. Huyo kusoma anakujua. Alichokosa ni sababu ya kufungua kitabu, maana tangu darasa la kwanza karibu kila ukurasa aliopewa umefuatiwa na maswali matano ya ufahamu, na anayekosa anabaki amesimama.

Maelezo haya ni ya mwalimu wa darasa la tatu hadi la sita, Arusha au Moshi, mwenye watoto 60 hivi, madawati yaliyobanana na vitabu vya kuhesabika. Kama darasa lako lina watoto 30, hesabu zote za hapa zigawe kwa mbili na umshukuru Mungu.

Anza na sauti yako

Kabla ya rafu na mkeka wa kona ya vitabu, soma. Dakika 10 kila siku, saa ile ile. Saa nzuri ni mara tu baada ya mapumziko ya uji, watoto wakiwa bado wanahema kwa michezo. Hadithi huwatuliza kuliko makelele ya kiranja. Saa mbaya ni mwisho wa siku, kwa sababu dakika hizo huliwa na matangazo ya mwalimu wa zamu. Kwa mwendo wa maneno 100 hadi 120 kwa dakika, dakika 10 zinakupeleka maneno 1,000 hivi. Hadithi ya maneno 4,000 inakwisha kwa siku nne, na Ijumaa inabaki ya porojo juu yake.

Isome nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza ujue inakokwenda. Mara ya pili ushike penseli, uweke alama mahali pa kukatia. Kata pabaya: fisi yuko kizingitini na mlango haujafungwa. Funga kitabu hapo hapo. Watalia, "Mwalimu, endelea!" Usiendelee. Kiache kitabu juu ya meza yako wakati wa mapumziko na ujifanye huoni. Wawili watatu watakuja kuchungulia ukurasa unaofuata, na hao ndio wasomaji wako wa kwanza.

Fungua kwa wito wanaoujua, "Paukwa!" wakujibu "Pakawa!", na ukishafika pa kukatia uliza swali moja tu: "Mnadhani atafanyaje?" Andika makisio matatu pembeni mwa ubao pamoja na majina ya waliokisia, na umwombe mwalimu wa kipindi kinachofuata asiyafute. Kesho mtaanzia hapo kuona nani alipatia. Swali la kuepuka ni lile la "Tumejifunza nini?" Likishazoeleka, watoto husikiliza wakiwinda jibu, na hadithi yenyewe inawapita.

Masika ina shida yake. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ikipiga bati, hata ukipaza sauti dawati la nyuma halisikii kitu, na ukilazimisha utapoteza sauti yako wiki nzima. Siku hiyo tumia ubao wa kimya: andika sentensi ya kwanza ya hadithi kwa herufi kubwa, subiri macho yote yaisome, ifute, andika ya pili. Usiseme neno. Sentensi 12 hadi 15 zinatosha, na ya mwisho iache nusu. Wanaosoma taratibu hubanwa kwa sababu sentensi inafutwa, basi weka kila mmoja wao kando ya rafiki wa kumnong'oneza. Watoto huupenda mchezo huu mpaka wanauomba siku za jua.

Vitabu 22 kwa watoto 60

Vitabu vingi vya shule viko kabatini kwa mwalimu mkuu, vimefungwa kwa kufuli, visafi kabisa, na ukiuliza utaambiwa vinatunzwa visiharibike. Kitabu cha mtoto kimechapishwa kiharibike mikononi mwa mtoto. Zungumza na mwalimu mkuu kwa upole, usimwendee na lawama: kwenye orodha ya mali jina lililoandikwa ni lake. Omba vitabu 22 tu kwa muhula mmoja, utie sahihi yako wewe. Kama shule iliwahi kupokea vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, chagua kwanza hivyo, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa hapa.

Kwa nini 22? Gawa watoto makundi matatu ya 20. Kundi la kwanza linaazima Jumatatu na kurudisha Jumatano asubuhi. La pili linachukua Jumatano, linarudisha Ijumaa. La tatu linachukua Ijumaa, linarudisha Jumatatu. Kila mtoto analala na kitabu nyumbani kila wiki, na viwili vya ziada vinaziba pengo la watakaosahau, maana watakuwepo. Kila wiki sogeza makundi hatua moja ili kundi la mwisho wa juma lisiwe lile lile.

Daftari la kuazima liwe la mistari, lenye safu nne: namba ya kitabu, jina, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Lishikwe na wakutubi wa darasa wawili, wabadilishwe kila mwezi. Usichague wanaoongoza mtihani peke yao. Yule mtundu wa dawati la nyuma huwa mkutubi mkali kuliko wote. Kila kitabu kipewe namba kwa maka peni, kivikwe kava la nailoni, na pembe zizibwe kwa selotepu kabla hakijatoka, si baada ya kuchanika. Vumbi la Januari na Februari linaingia hadi kwenye mshono.

Usigawe vitabu kwa mkono wako. Mtoto achague. Mfundishe kipimo cha vidole: afungue ukurasa wa katikati, asome, na kwa kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vikikunjwa vyote vitano, akirudishe kwa sasa. Visipokunjwa kabisa, muache achukue hivyo hivyo. Kitabu chepesi hakijamdhuru mtu. Wala usibandike alama za rangi za ngazi ya juu na ya chini. Mchana huo huo darasa zima litajua nani anasoma "vya watoto wadogo", na huyo hataazima tena.

Kitabu kikipotea, usimtoze mzazi. Ukitoza mara moja, jioni hiyo hiyo nyumba kumi zitawakataza watoto wao kuazima. Adhabu inayofaa ni kazi: aliyepoteza atengeneze kijitabu kipya cha kuingia kwenye kona, kwa namna iliyoelezwa hapa chini.

Kona yenyewe

Haihitaji rafu. Funga kamba ya katani kwenye misumari miwili, usawa wa kifua cha mtoto, uning'inize vitabu vyembamba vikiwa vimefunguka katikati, au uvibane kwa vibanio vya nguo. Kava lionekane, kitabu kinachoonyesha mgongo tu hakimwiti mtoto. Chini weka mkeka, na chini ya mkeka weka katoni lililokunjuliwa, kwa sababu sakafu ya saruji ya Juni na Julai inauma, na mtoto anayetetemeka hasomi. Kamba isikae ukuta unaovuja. Kama una rafu ya mbao, iweke mbali na ukuta kiasi cha kiganja na uchunguze miguu yake kila wiki. Mchwa hawatoi taarifa.

Kijitabu cha karatasi moja

Vitabu vinavyosomwa hadi kuchakaa mara nyingi ni vile walivyoviandika wenyewe. Karatasi moja ya A4 inatoa kijitabu cha kurasa 8 bila gundi wala pini.

Ikunje ukingo mrefu ukutane na ukingo mrefu, kisha ikunjue. Sasa ikunje ukingo mfupi kwa ukingo mfupi, na tena mara moja upande ule ule. Ikunjue yote: utaona vyumba 8. Irudishe kwenye mkunjo mmoja wa ukingo mfupi kwa ukingo mfupi. Shika mkasi, anzia upande uliokunjwa, kata kufuata mstari wa katikati mpaka kwenye mkunjo unaoukatiza, usivuke. Ikunjue, ikunje kwa urefu, kamata ncha mbili uzisukume zikutane. Mpasuo unafunguka kama mdomo wa kinda, na kurasa zinalala zenyewe zikifuatana. Kosa la kawaida ni kukatia upande ulio wazi. Karatasi inatoka na miguu kama suruali, nayo haina dawa. Watoto wakate watano watano mbele yako, vinginevyo utazika karatasi 60.

Ukurasa wa kwanza ni kava, wa nane ni jina la mwandishi na darasa lake. Sita za katikati, sentensi mbili mbili na picha. Waandike nini? Usiseme "andika hadithi yoyote", utapata insha 60 za "Siku moja nilienda sokoni". Watume nyumbani wakamwombe babu au bibi hadithi moja. Moshi utaletewa ile ya vilele viwili vya Kilimanjaro: Mawenzi aliyekwenda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, akarudi amepondwa kwa mchi, ndiyo maana hadi leo kilele chake kimechongoka hovyo. Watakaoleta hadithi hiyo watatofautiana kuhusu kosa lililomponza, na ubishi huo ni dhahabu: waache wasomeane na kubishana. Mtoto aliyesimuliwa kwa Kichaga, Kimeru au Kimaasai aiandike kwa Kiswahili, neno lisilo na mwenzake aliache lilivyo.

Ukitaka kitabu cha kudumu, kunja manila, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, ushone kwa uzi wa fundi viatu. Anzia tundu la kati, upite la juu, la chini, umalizie fundo katikati. Stepla hupata kutu masika ikiingia.

Vya kuokoteza

Gazeti la michezo la jana, lile lile linalofungiwa maandazi, ni kitabu cha kiada kwa wavulana waliokwisha kata tamaa. Bandika ukutani habari moja fupi kila Jumatatu, isiyozidi aya nne. Kanga za mama nazo: kila mtoto aje na jina moja la kanga alilonakili nyumbani, muyafunge kwenye daftari moja, na mjadili maana. (Yapitie kwanza wewe. Mengine ni ya wakubwa.)

Arusha na Moshi zina maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda peke yako kwanza ukaonane na mkutubi, ndipo upeleke watoto, wasizidi 30 kwa safari moja, walimu wawili. Kwa simu, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure zinazoruhusiwa kuchapishwa. Chapisha nakala moja ya kila hadithi, uishone.

Kisha kuna maboksi ya wageni. Miji hii ya watalii hupata vitabu vingi vya Kiingereza vyenye picha nzuri, vimejaa theluji na watoto wanaolala kila mmoja chumba chake. Kwenye shule inayofundisha kwa Kiswahili, ukivirundika kama vilivyo vitaliwa na mende. Chagua vyenye maneno machache. Funika maandishi kwa vipande vya karatasi nyeupe, kundi la watoto wanne watazame picha na kuandika hadithi yao kwa Kiswahili juu yake. Wanayobuni mara nyingi yanachekesha kuliko ya mwenye kitabu.

Nyumbani

Usiombe saa nzima. Mtoto wa huku anachota maji, anakata majani ya ng'ombe, anambeba mdogo wake. Omba dakika 10 kabla giza halijaingia, amsomee mtu: mdogo wake, au bibi asiyejua herufi, ambaye ndiye msikilizaji bora kwa sababu hamsahihishi. Mlezi asiyeandika aweke alama tu kwenye kikaratasi. Na asiyepata wa kumsikiliza, asome na mkutubi wa darasa asubuhi kabla ya paredi.

Kagua kwa kutumia macho

Mwezi wa pili, pitia vitabu vyote. Vyenye kingo zilizosinyaa na kuwa nyeusi ndivyo vinavyosomwa. Tafuta vingine vya namna hiyo. Kitabu ambacho kava lake bado linang'aa kiondoe kwenye kamba, hata kama wewe unakipenda. Usitunge mtihani wa kona, na usitoe zawadi kwa aliyesoma vingi: wataanza kufungua na kufunga ili wahesabiwe.

Desemba kabla ya kufunga shule, wakutubi wakague kila namba, wabandike yaliyochanika, wakaushe vitabu juani saa moja, halafu uvitie kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana. Panya watakuwa na likizo ndefu darasani. Kitabu kimoja kiache nje, kile cha fisi mlangoni, na ukiazime kwa mtoto mmoja mpaka Januari.