Kuchuja feroelektriki mpya kwa kompyuta: usiiamini namba moja

Feroelektriki ni fuwele yenye ncha chanya na ncha hasi za umeme ndani yake, na ncha hizo hugeuka ukiiwekea uga wa umeme kutoka nje. Shika neno "hugeuka". Fuwele zenye ncha ni nyingi. Zinazogeuka ni chache, na hizo ndizo tunazozitafuta.

Hatua ya 1. Ingia Materials Project, hifadhidata ya bure ya fuwele. Chukua makundi ya nafasi (aina za ulinganifu wa fuwele) yenye ncha pekee, 68 kati ya 230. Ondoa metali, kwani elektroni zake huru huuzima uga.

Hatua ya 2. Mtafutie kila mgombea mzazi, yaani muundo wenye kitovu cha ulinganifu ambao atomu zake zikisogea kidogo unampata mgombea wako. Mzazi wa BaTiO3 (bariamu titanati, feroelektriki maarufu) ni mchemraba wenye titani katikati kabisa. Titani ikisogea kama angstromu 0.1 tu (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ncha zinazaliwa. Atomu ikihitaji kusogea zaidi ya angstromu 1.5, mimi humwacha mgombea huyo.

Hatua ya 3. Pima ukubwa wa ncha, na hapa usiharakishe. Mimi nilipoteza wiki nzima kwa kupima mwisho wa njia ya kutoka kwa mzazi hadi kwa mgombea peke yake. Mwaka 1993 wanafizikia King-Smith na Vanderbilt walionyesha kwamba hesabu hii haitoi jibu moja, bali ngazi ya majibu yaliyoachana kwa umbali maalumu. Kwa BaTiO3, ukihesabu bila spini (sumaku ndogo ya kila elektroni), umbali huo ni karibu mikrokulombi 200 kwa sentimita ya mraba. Kwa hiyo gawa njia hiyo ya kutoka kwa mzazi vipande 8 au 10, upime kila kimoja. Ukiona, tuseme kwenye baadhi ya vipande, 0, 7, 14, kisha ghafla −179, usimtupe mgombea. Ongeza 200, upate 21, na mstari unaendelea hadi jirani na 26 iliyopimwa maabara. Mzazi naye huenda asitoe sifuri: wa BiFeO3 (oksidi ya bismuthi na chuma) hutoa nusu ya umbali wa ngazi yake. Kinachohesabika ni tofauti kati ya miundo miwili.

Hatua ya 4. Malitiferoiki, yaani feroelektriki zenye mpangilio wa sumaku pia, huongeza sumaku, na ndipo ugumu unapoingia. Titani husogea vizuri kwa sababu obiti zake za d (aina ya nafasi za elektroni kwenye atomu) ni tupu, ilhali sumaku inazitaka obiti hizo ziwe na elektroni. BiFeO3 imegawana kazi: bismuthi inaleta ncha, chuma kinaleta sumaku. Kwa hiyo tafuta fuwele zenye atomu mbili za namna hiyo.

Jaribu mipangilio kadhaa ya spini. Ukiziacha zote zielekee upande mmoja, pengo la nishati, linalotofautisha kihami na metali, laweza kufungwa kwenye hesabu na mgombea mzuri akaonekana metali. Ndiyo maana oksidi za chuma na manganizi zilizoanguka hatua ya 1 mimi huzirudisha kwenye foleni, nikazihesabu upya spini za majirani zikiwa zimepingana.