Ondoa amonia kwanza, ndipo uunganishe rangi
Unapounganisha rangi yenye esta ya NHS (kundi la kemikali linaloshikana na amino) na oligonukleotidi, yaani kipande kifupi cha DNA (oligo), yenye amino (kundi la nitrojeni, NH2), kinachoharibu kazi mara nyingi ni mabaki ya amonia kutoka kwenye usanisi, au bafa ya Tris (myeyusho wa kudhibiti pH ambao nao una amino). Vyote viwili huimaliza rangi kabla haijaigusa DNA. Ishushe oligo kama mashapo kwa etanoli baridi na asetati ya sodiamu (asetati ya amonia usiiguse kabisa), kisha iyeyushe katika bikaboneti ya sodiamu 0.1 M, pH 8.5; pH ikishuka chini ya 8, amino hubeba protoni na mmenyuko huzorota. Rangi iyeyushe kwenye DMSO (kiyeyushi cha kikaboni) kavu, isiyo na maji, wakati uleule wa kuitumia, maana maji huivunja esta. Tumia moli 10 za rangi kwa 1 ya oligo, gizani, saa 2 au usiku kucha. Safisha kwa HPLC (kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha oligo yenye rangi na mabaki).