Nadharia Itoke Sura ya Pili: Mwongozo wa Utafiti kwa Mwanafunzi wa Uzamili wa Ustawi wa Jamii

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Kisumu kwa miaka mingi, na wanafunzi wa uzamili hunijia na mapendekezo yao ya utafiti kabla hawajaenda uwanjani. Wengi wana tatizo moja. Sura ya pili imesheheni nadharia, kurasa nane au tisa. Ukifungua sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, nadharia imezama kama jiwe ziwani. Mwongozo wa mahojiano hautaji nadharia hiyo, uchanganuzi hauikumbuki, na mwishoni inaibuka kwa aya moja tu ya kusema kwamba matokeo "yanaafikiana" nayo.

Najua uchungu wake kwa sababu tasnifu yangu ilirudishwa. Mtahini aliniuliza swali moja: "Ukiiondoa nadharia hii, ni kipi katika matokeo yako kitakachobadilika?" Sikuwa na jibu. Niliandika upya kwa miezi minne, na hatua zilizo hapa chini ndizo nilizojifunza katika miezi hiyo na kwa wanafunzi waliofuata.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: nyanya wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi huko Seme, magharibi mwa jiji la Kisumu. Maneno ya mhojiwa nimeyatunga kwa ajili ya somo, kwa kuwa ya kweli niliambiwa kwa siri.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuchagua nadharia

Usiende maktaba kutafuta nadharia inayopendeza. Andika kwanza jambo moja uliloliona kwa macho yako na ambalo hulielewi. Katika mfano wetu ni hili: pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na nyumba zenye yatima, shilingi 2,000 kwa mwezi, mara nyingine hukaa miezi bila kuingia, kisha zikalipwa kwa mkupuo. Nyumba hizi huishije katika miezi hiyo? Swali la utafiti linakuwa: *Nyanya wanaolea wajukuu Seme hutegemea nani na nini malipo yanapochelewa, na mategemeo hayo yanawagharimu nini?*

Kipande cha mwisho, "yanawagharimu nini", ndicho kitakachokuokoa. Bila hicho utarudi na orodha ya majirani na makanisa, na orodha haijawa tasnifu.

Hatua ya 2: Chagua nadharia moja, uijue hadi mipaka yake

Swali letu linahusu mtu na vinavyomzunguka, kwa hiyo nadharia ya mifumo ya kiikolojia ya Urie Bronfenbrenner inafaa. Mwaka wa 1979 alieleza maisha ya mtoto kama duara ndani ya duara. La ndani kabisa ni wale anaoonana nao ana kwa ana: nyumbani, darasani, kwa majirani. La pili ni uhusiano kati ya hao, mathalani nyumba na shule zinavyosikilizana. La tatu ni mahali ambapo mtoto hakai ila maamuzi ya huko yanamfikia. La nne ni mila, sheria na uchumi wa nchi. Baadaye aliongeza wakati wenyewe, yaani mabadiliko ya miaka.

Angalia jambo ambalo wengi hulipita: katikati ya duara hizo yuko mtoto, maana nadharia iliundwa kueleza ukuaji wake. Ukimweka nyanya katikati umefanya uamuzi wa kinadharia, na ni lazima uuandike na kuutetea. Nimeona mapendekezo mengi yakimhamisha mtoto kimyakimya, na mtahini makini huliona hilo.

Kama swali lako linahusu uwezo walio nao watu kuliko mapungufu yao, mtazamo wa nguvu uliopewa sura na Dennis Saleebey utakufaa zaidi. Kama ni kuhusu kunyimwa sauti, soma Barbara Solomon, aliyeandika mwaka wa 1976 kuhusu uwezeshaji wa jamii za Wamarekani weusi. Usizipange zote tatu kama sahani mezani. Moja iliyoeleweka inatosha uzamili.

Hatua ya 3: Geuza kila dhana iwe swali ambalo nyanya anaweza kulijibu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua karatasi, uichore safu mbili. Kushoto andika dhana. Kulia andika swali, na swali lisiwe na neno hata moja la darasani. Mwanafunzi mmoja aliniletea hili: "Je, mifumo ya kijamii inayokuzunguka inakupa msaada wa kiwango gani?" Nilimwomba amwulize mama anayeuza omena nje ya ofisi yetu. Mama alimtazama kwa upole akasema, "Msaada upo, tunashukuru Mungu." Mahojiano yakaishia hapo.

Tuliligeuza hivi: "Mara ya mwisho unga ulipoisha humu ndani, ulimwendea nani kwanza?" Kisha: "Ulimwambiaje?" Kisha: "Naye akija kwako siku yake, unampa nini?" Maswali hayo matatu yanapima duara la ndani, na la mwisho linaanza kugusa gharama.

Kwa duara la pili: "Mwalimu akimrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya pesa, ni nani huenda shuleni kuzungumza naye?" Kwa la tatu: "Unajuaje kwamba pesa ya serikali imeingia? Nani hukuambia?" Swali hili dogo hutoa mengi. Utasikia kuhusu simu iliyokopwa, kijana wa bodaboda anayesoma ujumbe kwa niaba yake, na nauli aliyopoteza akifuata habari za uongo.

Uliza kisa kilichotokea, siku na mtu. Ukiuliza maoni kwa jumla utajibiwa kwa heshima, na heshima hufunika mambo.

Dhana isiyopata swali katika safu ya kulia iondoe katika sura ya pili, hata kama ulikesha ukiiandika.

Hatua ya 4: Tafsiri, kisha rudisha tafsiri

Seme utazungumza Kijaluo. Mpe mtu mmoja maswali ya Kiswahili ayatie katika Kijaluo, kisha mwingine ambaye hajaona ya Kiswahili ayarudishe. Pale yanapotofautiana ndipo mkae na kuzungumza.

Mfano ni neno "mjane". Kijaluo husema *chi liel*, yaani mke wa kaburi. Neno hilo linabeba mume aliyekufa, boma lake, na suala la kurithiwa kwa mjane. Ukiweka tu "mjane" katika fomu, umepoteza nusu ya alichokuambia. Katika nukuu za tasnifu yangu niliacha neno la Kijaluo jinsi lilivyo na kulieleza mara ya kwanza. Ninakushauri ufanye vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Vibali

Unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti nchini Kenya, kisha kujitambulisha kwa ofisi za kaunti kabla ya kuanza. Tenga miezi kadhaa. Sauti ulizorekodi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo zisikae katika simu unayowapa watoto wachezee.

Hatua ya 6: Fikiri ni nani anakupeleka hadi mlangoni

Naibu wa chifu atajitolea kukusindikiza, na ni ukarimu wa kweli. Mshukuru, mpe nakala ya vibali, umwombe asije kwenye mahojiano. Ofisi yake inahusika katika kutambua wanaostahili malipo. Nyanya akimwona ameketi kando yako ataamini umekuja kumkagua, na atakujibu kama anayekaguliwa. Afadhali uje na mhudumu wa afya ya jamii ambaye boma linamjua, akutambulishe, kisha aende zake.

Eleza ridhaa kwa mdomo, pole pole. Sema waziwazi kwamba kukataa hakutaathiri pesa zake, na kukubali pia hakutaziongeza. Mwambie pia mpaka wa siri: ukigundua mtoto anadhulumiwa, hutanyamaza. Afisa wa watoto wa eneo lazima ajue, na nambari 116, simu ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo. Hili lisemwe mwanzoni, kabla hajakufungulia moyo.

Zawadi ya sukari au sabuni itoe mkiagana. Ikitangulia, inanunua majibu.

Hatua ya 7: Wahojiwa wangapi?

Kwa hojaji, fomula ya Yamane inajulikana: gawa idadi ya watu kwa moja ukijumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu. Watu 400 kwa kosa la 0.05 wanakupa sampuli ya 200.

Kwa mahojiano ya kina fomula hiyo haina kazi, nami husikitika kuiona humo. Guest, Bunce na Johnson walichanganua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaonyesha mwaka wa 2006 kwamba mambo mengi yalikuwa yameshajitokeza katika yale 12 ya kwanza. Watu wao walifanana kiasi. Kwa nyanya wa Seme, panga 12, uongeze hadi wawili mfululizo wasilete jambo jipya. Ukichanganya wa kijijini na wa Nyalenda, mtaa wa mabanda jijini Kisumu, hesabu kila kundi peke yake.

Hatua ya 8: Weka misimbo ya maneno yao kwanza, nadharia baadaye

Braun na Clarke, 2006, walipanga uchanganuzi wa dhamira, yaani kutafuta mambo makuu yanayojirudia katika maneno ya wahojiwa, katika awamu sita. Zifuate. Mimi nitakuonyesha sentensi chache tu kwa karibu:

*"Nilimtuma mtoto kwa jirani na sahani tupu. Hakuuliza kitu. Sahani ilirudi na unga. Dukani siendi, mwenye duka ameniambia mpaka ile pesa iingie."*

Mzunguko wa kwanza, andika misimbo, yaani vibandiko vifupi vya maana, kwa lugha ya mhojiwa: *sahani tupu; hakuuliza; dukani siendi; mpaka pesa iingie.* Usitaje duara lolote bado.

Mzunguko wa pili, lete nadharia. Jirani ni duara la ndani. Ratiba ya malipo imepangwa Nairobi, mahali ambapo nyanya hakai, nayo imemfungia mlango wa duka kijijini. Hapo duara la tatu limeingia ndani ya la kwanza, na unaweza kuonyesha njia lililopitia.

Sasa soma tena. Ni nani aliyebeba sahani? Ni mtoto. Aibu ya kuomba ameibeba yeye kwa niaba ya nyumba nzima, na hiyo ndiyo gharama uliyoiuliza katika Hatua ya 1. Kama ulimhamisha kutoka katikati ya duara bila kufikiri, ungempita bila kumwona.

Hatua ya 9: Tafuta kisichoingia katika duara

Weka faili moja ya maneno yaliyogoma kukaa popote. Katika mahojiano yangu mwenyewe faili hiyo ilijaa makaburi. Nyanya walielekeza kidole nje ya dirisha, mahali walipozikwa wana wao ndani ya boma, wakaniambia hawawezi kuhamia kwa binti yao mjini, hawawezi kukodisha ile robo ya shamba, kwa sababu ya wale waliolala pale. Waliokufa walikuwa wakiamua mambo ya unga na karo.

Nilijaribu kuyatia katika duara la mila, lakini msimamizi wangu hakukubali. Akaniuliza kama nyanya wale walizungumza juu ya mila au juu ya mtoto aliyeitwa kwa jina. Nilirudi kusikiliza rekodi. Kila mmoja alikuwa ametaja jina. Basi sura ya tano nikaiandika upya, nikaeleza kwamba kwa walezi hawa duara la ndani kabisa lina watu wasiopumua tena, na kwamba nadharia niliyoitumia haikuwa imewawekea kiti.