Ukishika nyeusi, usijikunyate
Wenzangu wa sataranji hapa Ngamiani, Tanga, jaribuni Gambiti ya Budapest, ufunguzi wa kutoa kitunda kafara mapema (d4, f6 na kadhalika ni majina ya miraba ya ubao). Mwenye nyeupe akifungua d4, toa farasi f6. Akisukuma c4, sukuma kitunda e5 papo hapo. Akila kitunda, farasi aruke g4. Kwa kawaida askofu wake huja f4 kulinda kitunda chake kilichofika e5. Toa farasi c6; akitoa wake f3, askofu wako b4, umtishie mfalme. Akikinga kwa farasi d2, malkia e7. Sasa utamu: akisukuma a3, askofu mwache hapohapo! Farasi wa g4 ale e5. Akimla askofu tu, farasi d3, mfalme hana pa kutokea. Kitunda cha e2 hakiwezi kula, malkia wako amekibana: kikisogea, mfalme wake atabaki wazi. Mjuzi atakula farasi kwanza, lakini hata hapo mchezo wako ni mzuri.